Majahazi ya Sur: hukumu ya 1905 na jinsi mahakama za kimataifa zinavyosomana

Tarehe 8 Agosti 1905 wasuluhishi watatu waliokutana mjini The Hague, Uholanzi, walitoa hukumu juu ya majahazi ya bandari ya Sur, mashariki ya Oman. Mzozo ulikuwa baina ya Uingereza na Ufaransa, na swali lenyewe lilikuwa jepesi kulitamka: je, Ufaransa ilikuwa na haki ya kuwapa bendera yake raia wa Sultani wa Maskati?

Kanuni iliyotajwa siku ile ingali hai katika sheria ya bahari. Safari yake inasaidia kueleza jambo linalowatatiza wengi wanaofuatilia kesi za kimataifa. Mahakama hizo zimetawanyika The Hague, Hamburg, Strasbourg, Arusha, Abuja na San José, na hakuna iliyowekwa juu ya zote kuwa ya rufaa. Vipi basi maneno ya majaji wa mji mmoja huishia katika hukumu ya majaji wa mji mwingine?

Bandari na bendera

Sur iko kiasi cha kilomita 200 kusini mashariki ya Maskati. Tangu eneo la Sharqiyah lilipogawanywa mwaka 2011, mji huo ni makao makuu ya Sharqiyah Kusini, na Ibra ni makao makuu ya Sharqiyah Kaskazini. Mgeni anayefika huko huonyeshwa Fath al-Khair, jahazi la aina ya ganja lililoundwa hapo hapo mwaka 1951 na kurejeshwa kutoka Yemen mwaka 1993. Akikaa barazani kidogo huenda akasikia Kiswahili pia, kwani familia nyingi za Sharqiyah zilikuwa na upande mmoja Unguja, Pemba au Mombasa, na zilirudi Oman baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964.

Katika karne ya 19 kaskazi ilipovuma, majahazi ya Sur yaliteremka na tende, chumvi na samaki wakavu hadi Lamu, Mombasa, Unguja, Kilwa, Ngazija na pwani ya Madagaska. Kusi ilipogeuka yalirudi na boriti, nafaka na pembe za ndovu. Yalirudi na watu pia.

Biashara hiyo ya watu ilibanwa hatua kwa hatua kwa mikataba ambayo Uingereza iliwawekea watawala wa Maskati na Zanzibar mwaka 1822, 1845 na hatimaye 1873, mwaka soko la watumwa la Unguja lilipofungwa. Manowari za Kiingereza zilipata ruhusa ya kuyasimamisha na kuyapekua majahazi ya watawala hao. Ufaransa kwa upande wake ilikataa katakata meli yenye bendera yake kupekuliwa na Mwingereza. Ilikuwa imetwaa Nosy Be na Mayotte mwanzoni mwa miaka ya 1840, na manahodha wa Sur waliokuwa na nyumba au viwanja katika visiwa hivyo waliweza kupata hati za Kifaransa. Baadaye hati zilitolewa pia katika vituo vyake vingine, kama vile Obock. Nahodha mwenye hati hiyo alipandisha bendera ya rangi tatu, na manowari ikapita mbali.

Haitakuwa haki kusema kwamba kila jahazi lenye bendera hiyo lilibeba watumwa. Wengine walitafuta tu salama ya kufanya biashara bila kusumbuliwa. Lakini waliobeba watumwa walikuwa na sababu kubwa zaidi ya kuitaka.

Kwa Seyyid Faisal bin Turki, aliyetawala Maskati tangu 1888, jambo hili lilikuwa jeraha. Mamlaka yake juu ya Sharqiyah yalikuwa dhaifu. Mwaka 1895 makabila ya huko, Wahirthi wakiwa mbele, yaliuvamia mji mkuu wake wenyewe. Sasa watu wa bandari yake kubwa ya mashariki walikuwa wakidai kwamba jambo lao ni la balozi wa Ufaransa. Mwandishi wa makala haya anasafiri kwa hati ya nchi asiyozaliwa, na anaelewa vizuri kwa nini mtu huing'ang'ania karatasi ya dola ya mbali pale dola yake inapokuwa tisho au haipo. Anaelewa vilevile kwamba karatasi hiyo yaweza kumlinda mwenye nayo huku ikimziba mdomo aliye chini ya sitaha.

Mwaka 1898 Faisal aliwaahidi Wafaransa mahali pa kuweka makaa ya mawe ya meli zao huko Bandar Jissah. Februari 1899 Waingereza walimtishia kwa mizinga ya manowari, naye akaifuta ahadi. Ugomvi wa bendera ulibaki. Uingereza na Ufaransa zilipopatana juu ya makoloni yao mwezi wa Aprili 1904, zilitafuta njia ya kuumaliza bila kuaibishana, na tarehe 13 Oktoba mwaka huo zikatia saini mjini London makubaliano ya kuupeleka mbele ya Mahakama ya Kudumu ya Usuluhishi. Sultani hakuwa mdaawa. Watu wa Sur hawakuwa wadaawa pia.

Wasuluhishi watatu na neno moja

Uingereza ilimteua Melville Fuller, Jaji Mkuu wa Marekani. Ufaransa ilimteua Mholanzi, de Savornin Lohman. Mwenyekiti, Heinrich Lammasch wa Austria, alichaguliwa na Mfalme wa Italia. Fuller aliiongoza Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1896 ilipohalalisha ubaguzi wa rangi katika mabehewa ya treni, na mwaka 1899 alikuwa miongoni mwa waliogawa mpaka wa Venezuela na Guyana ya Kiingereza, uamuzi ambao Guyana iliufikisha mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki mwaka 2018. Lohman alikuwa ameketi katika kesi ya kwanza kabisa ya mahakama hiyo ya usuluhishi, mwaka 1902, na mwaka 1910 yeye na Lammasch waliketi tena pamoja kuamua ugomvi wa uvuvi wa Atlantiki ya Kaskazini. Zamani zile mfereji wa mawazo kutoka kesi hadi kesi ulikuwa watu wenyewe: kundi dogo la wanasheria waliokutana tena na tena.

Hukumu yao ilianza na kanuni: kila dola ina haki ya kuamua itampa nani bendera yake, na kwa masharti gani. Kwa hiyo Ufaransa haikuvunja uhuru wa Sultani kwa kuwapa bendera raia wake. Kisha kanuni ikawekewa mpaka. Kitendo cha Jumla cha Brussels cha tarehe 2 Julai 1890, kilichotungwa kuzima biashara ya watumwa, kilisema katika kifungu cha 32 kwamba vyombo vya wenyeji vipewe bendera ikiwa tu mwenye chombo ni raia wa dola inayoitoa au yuko chini ya himaya yake. Ufaransa iliuridhia mkataba huo tarehe 2 Januari 1892, huku ikikataa vifungu vya upekuzi. Kifungu cha 32 ilikikubali.

Basi kila kitu kikategemea maana ya kuwa "chini ya himaya". Ingechukuliwa kwa upana, balozi yeyote angeweza kuwaingiza humo awatakao, na mkataba ungekuwa kapu lililotoboka. Wasuluhishi waliitafsiri kwa ufinyu, wakisema wazi kwamba tafsiri hiyo ndiyo inayoafiki madhumuni ya mkutano wa Brussels. Na ili kuupata ufinyu huo walitoka nje ya kesi yao. Walitazama sheria ya dola ya Uthmaniya ya mwaka 1863 na mapatano ya Ufaransa na Moroko ya mwaka huo huo, ambayo yalikuwa yamezuia mabalozi kuongeza watu wa himaya kiholela. Kwa hiyo wakaamua kwamba baada ya tarehe 2 Januari 1892 Ufaransa isingeweza kuwapa bendera watu wa Sultani isipokuwa wale waliothibitisha kuwa ilikuwa ikiwahesabu chini ya himaya yake kabla ya 1863. Waliokwisha kupewa kabla ya 1892 waliachiwa maadamu Ufaransa inawapa upya, lakini haki hiyo isihamishwe kwa mtu mwingine wala kwa jahazi jingine, hata likiwa la mwenyewe. Bendera zingetoweka kadiri wenye hati walivyofariki.

Swali la pili lilihusu maji ya Maskati. Wasuluhishi walisema majahazi yenye idhini halali yasiingiliwe humo, kwa mujibu wa mkataba wa 1844 baina ya Ufaransa na Maskati. Wenye majahazi, manahodha, mabaharia na jamaa zao, hata hivyo, walibaki chini ya mamlaka na mahakama za Sultani.

Waliosafirishwa hawakutajwa kwa jina, wala hawakuulizwa neno. Mateso yao yaliingia katika hukumu kwa mlango mmoja tu, ule wa tafsiri ya himaya. Usuluhishi huamua lile waliloulizwa wasuluhishi, na walioulizana walikuwa London na Paris.

Haifungi, lakini husomwa

Kisheria hukumu ile ingepaswa kuishia hapo. Hata leo kifungu cha 59 cha Hati ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki kinasema kwamba uamuzi wa mahakama hiyo unawafunga wadaawa tu, na kwa kesi hiyo tu. Kifungu cha 38 nacho kinaziweka hukumu katika daraja ya chini, kama msaada wa kuijua sheria. Hakuna hakimu wa kimataifa anayelazimika kumfuata mwenzake kama hakimu wa Dar es Salaam au Nairobi anavyolazimika kuifuata mahakama ya rufaa ya nchi yake.

Husomana hata hivyo. Wakili huja na hukumu iliyompa mwingine ushindi na kuuliza kwa nini mteja wake anyimwe. Jaji asiye na jibu hulazimika ama kuifuata ama kueleza. Njia nyingine ni ndefu: kanuni hutoka katika hukumu, huingia vitabuni, hutoka vitabuni na kuandikwa katika mkataba, kisha hurudi mahakamani ikiwa na nguvu ambayo haikuwa nayo mwanzo.

Kanuni ya bendera ilipita njia hiyo ndefu. Iliingia katika Mkataba wa Geneva wa Bahari Kuu wa 1958, ukaongezwa sharti la kuwepo uhusiano wa kweli kati ya meli na nchi ya bendera. Sharti hilo lilikuwa na harufu ya hukumu ya Nottebohm ya 1955, ambayo haikuhusu meli hata kidogo bali mtu aliyebadilisha uraia. Kisha yote mawili yakaandikwa katika kifungu cha 91 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982.

Tarehe 28 Oktoba 1997 Guinea iliikamata Saiga, meli ya mafuta yenye bendera ya Saint Vincent na Grenadini iliyokuwa ikiuzia meli za uvuvi mafuta baharini. Mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari mjini Hamburg, Guinea ilidai kwamba usajili wa meli ulikuwa umekwisha muda wake na kwamba haikuwa na uhusiano wa kweli na visiwa hivyo vya Karibi. Ni hoja ambayo Mwingereza wa 1905 angeitambua. Tarehe 1 Julai 1999 majaji waliikataa. Walisema kifungu cha 91 kimeandika tu kanuni iliyokwisha kukomaa, kwamba nchi ndiyo yenye mamlaka ya kutoa utaifa wa meli, na kwamba uhusiano wa kweli uliwekwa ili nchi ya bendera itimize wajibu wake. Haukuwekwa ili wengine wapate sababu ya kuibatilisha bendera.

Katika hukumu hiyo hiyo Hamburg iliazima kwa wingi. Juu ya hoja ya dharura iliazima kutoka hukumu ya The Hague ya 1997 kuhusu bwawa la mto Danube. Juu ya matumizi ya nguvu baharini ilizitaja kesi za meli mbili zilizoshambuliwa, I'm Alone na Red Crusader. Juu ya fidia ilirudi hadi 1928, katika kesi ya kiwanda cha Chorzów huko Poland.

Guinea ilishindwa Hamburg, lakini ilishinda The Hague. Mwaka 2012, katika shauri lake dhidi ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kuhusu mfanyabiashara Ahmadou Sadio Diallo, aliyewekwa kizuizini na kufukuzwa nchini, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilikadiria fidia ya dola 95,000. Ilisema waziwazi kwamba imetazama desturi za mahakama nyingine, ikiwemo ile ya Hamburg na zile za haki za binadamu za Ulaya na za nchi za Amerika. Mahakama ambayo kwa miaka mingi ilijinukuu yenyewe tu ilikuwa imefungua dirisha. Miaka kumi baadaye, tarehe 9 Februari 2022, ilipoiamuru Uganda kuilipa Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita vya 1998 hadi 2003, ilikitumia kipimo cha kesi ya Diallo, ikatazama kazi ya tume ya madai ya Eritrea na Ethiopia, na ikazisoma amri za fidia za Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu, ICC, katika kesi za Ituri. Waliopoteza ndugu Kisangani au Bunia wana haki ya kujua kwamba hesabu yao ilipigwa kwa vipimo vilivyotoka mbali kiasi hicho.

Kusoma si kukubali

Mwaka 1986 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilisema, katika kesi ya Nikaragua, kwamba nchi hubeba lawama ya matendo ya wapiganaji iwapo inayaongoza kweli matendo hayo yenyewe. Mwaka 1999 mahakama ya iliyokuwa Yugoslavia, katika rufaa ya Tadić, ilisema kipimo hicho ni kigumu mno, udhibiti wa jumla unatosha. Mwaka 2007, katika kesi ya Bosnia, majaji wa Haki walijibu kwamba wenzao wamejiingiza katika swali lisilo lao. Lakini hadithi haikuishia hapo: mwaka 2012 ICC, ilipomhukumu Thomas Lubanga wa Kongo, ilikichukua kipimo cha Tadić kwa ajili ya kuamua aina ya vita.

Arusha nayo ina mfano wake. Katika kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila kuhusu mgombea binafsi, Tanzania iliegemea hukumu ya San José ya 2008 iliyokuwa imeipa haki Mexico katika suala kama hilo. Majaji wa Mahakama ya Afrika waliisoma, wakaona mazingira ya Mexico ni tofauti, na tarehe 14 Juni 2013 wakaamua kwamba Tanzania imekiuka haki za raia wake.

Huku Bahari ya Hindi ndiko mahakama moja ilikokwenda mbali zaidi katika kuifuata nyingine. Tarehe 25 Februari 2019 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni ya ushauri kwamba Uingereza ilivitenga visiwa vya Chagos na Mauritius kinyume cha sheria. Maoni ya ushauri hayamfungi mtu. Lakini tarehe 28 Januari 2021 jopo maalumu la mahakama ya Hamburg, likiamua kama laweza kuweka mpaka wa bahari baina ya Mauritius na Maldives, lilisema maoni yale yana uzito wa kisheria na yameonyesha kwamba Chagos ni ya Mauritius. Uingereza haikuwemo katika kesi hiyo, kama Sultani Faisal asivyokuwemo katika ile ya 1905.

Waliokuwa chini ya sitaha

Swali ambalo London na Paris hazikuuliza liliulizwa baadaye na mahakama nyingine. Mkataba wa bahari wa 1982 unaruhusu, katika kifungu cha 110, meli ya kivita kuipanda meli inayoshukiwa kufanya biashara ya watumwa, jambo ambalo Ufaransa ilikuwa imelikataa Brussels. Kifungu cha 99 kinasema mtumwa akikimbilia katika meli yoyote, ya bendera yoyote, papo hapo yu huru.

Lakini mtumwa ni nani, pale sheria inapokuwa imekwisha kuufuta utumwa? Jibu lilikuja kutokana na mateso ya wanawake wa Foča, Bosnia. Tarehe 22 Februari 2001 jopo la mahakama ya Yugoslavia lililoongozwa na Jaji Florence Mumba wa Zambia liliwatia hatiani Kunarac na wenzake, na mwaka 2002 majaji wa rufaa walikubali kwamba utumwa hutambulikana kwa dalili zake: kuuongoza mwendo wa mtu, kumzuia asitoroke, kumtisha, kumtumikisha, kuutawala mwili wake. Hati ya umiliki haihitajiki.

Mjini Niamey, tarehe 27 Oktoba 2008, mahakama ya jumuiya ya Afrika Magharibi, ECOWAS, ilikitumia kipimo hicho katika shauri la Hadijatou Mani dhidi ya Niger. Aliuzwa mwaka 1996 akiwa na umri wa miaka 12, kwa faranga 240,000 za CFA. Alipojikomboa na kuolewa na mume aliyemchagua, alifungwa jela kwa kosa la kuwa na waume wawili. Majaji waliinukuu hukumu ya Kunarac na ile ya Barcelona Traction ya 1970, ambamo The Hague ilitaja kinga dhidi ya utumwa kuwa deni la kila dola kwa ulimwengu mzima, wakaiamuru Niger imlipe faranga milioni 10. Mwaka 2010 Strasbourg nayo iliitaja Kunarac katika kesi ya Rantsev dhidi ya Cyprus na Urusi, kuhusu binti aliyefia Cyprus baada ya kupelekwa kufanya kazi katika kilabu.

Na tarehe 20 Oktoba 2016 Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika, mjini San José, ilizisoma zote tatu, Kunarac, Hadijatou Mani na Rantsev, katika kesi ya wafanyakazi wa shamba la Brasil Verde huko Brazil, watu waliorubuniwa kwa ahadi ya ujira na kuwekwa chini ya walinzi wenye silaha. Iliamua kwamba ule ulikuwa utumwa. Wafanyakazi 85 waliookolewa mwaka 2000 walipewa fidia ya dola 40,000 kila mmoja, na 43 waliokutwa huko mwaka 1997 dola 30,000 kila mmoja.